Ulezi

Chupa ya kwanza ililipuka saa nane usiku,
chini ya ngazi, kando ya mwavuli na buti za mvua.
Ya pili ikafuata. Ya tatu ilingoja nishuke na tochi.
Asubuhi jirani alibisha hodi, akauliza kama ni gesi.
Nikamwambia ni bia.
Akasema, basi nipe iliyobaki.

Ndivyo nilivyomjua Keith Ollerenshaw,
aliyenoa visu miaka thelathini na minane hapa Sheffield,
na ambaye kila Alhamisi, nikishalaza tramu yangu,
huteremka nami mlima wa Walkley
hadi Koleo, pabu ya vyumba viwili na mbwa mmoja,
ambako Maureen huvuta mpini bila pupa
kama mtu atekaye maji ya kisima kirefu.

Meza ya nyuma ni yetu. Bilauri ndogo, daftari lenye madoa,
na kila mmoja na alichopika jikoni kwake.
Bia ya Gareth, mwalimu wa hesabu, ni kavu, haina kosa,
wala haina la kukusimulia.
Ya Parveen ni nyeusi kama masizi ya sufuria;
ina kahawa, ina moshi, ina kisa kirefu,
ukimaliza moja unataka kukaa kimya.
Wale ndugu wa Rotherham wamemwaga hopsi
hadi ulimi unasimama nywele kama paka.
Mwisho tunalinganisha zote na ya Maureen,
ya hudhurungi, ya kila siku, isiyojua kujisifu,
na hili hatuliandiki daftarini:
ndiyo tunayoagiza tukishamaliza kutoa maksi.

Keith hanusi kitu. Tangu ugonjwa wa mwaka ule
pua yake ni mlango uliopigiliwa misumari.
Bado ndiye jaji. Huweka bilauri sikioni,
husikiliza povu likifa.
"Hii ina haraka," husema. Au, "Hii imelala vizuri."
Kisha hunigeukia: niambie inanukiaje.
Nami, kwa Kiingereza changu cha vituo na milango inayofungwa,
humjibu: machungwa. Mkate. Nyasi.
"Hayo hata kopo la dukani limeandikwa."

Novemba nilileta ya kwangu.
Ndizi za sokoni zilizoiva hadi zikaona haya.
Ulezi wa duka la Mgujarati, nikauotesha
juu ya taulo, kwenye dirisha la bafu,
mama asije akasikia kule Kibosho.
Msesewe sikupata. Nani atauza gome la msesewe huku?
Nikatia hopsi, uchungu kwa uchungu,
nikijua mama angeonja, angenyamaza,
kisha angeuliza habari za kazi.

Gareth aliandika: "Ina mawingu. Imeharibika?"
Wale ndugu walikunywa kwa adabu ya msibani.
Keith alisikiliza muda mrefu.
"Hii inaongea. Inanukiaje?"

Kiingereza kilinikauka.
Nikamwambia kwa Kiswahili, mfululizo:
ni asubuhi ya ubatizo, moshi umebanwa darini,
ni kata iliyopita midomo ya wajomba wote,
ni mama akipuliza povu aangalie kama kuna nyuki,
ni koti la baba, mvua haijamkauka.

Hakuelewa hata neno. Akamaliza bilauri.
"Na nafaka yenyewe inaitwaje?"
Ulezi, nikasema. Kwetu ndilo hilo hilo neno
la kumkuza mtoto hadi aweze kuondoka.

Aliligeuza mdomoni, u-le-zi, akakosea zi,
akaliandika daftarini kwa mkono wa mnoaji,
herufi kali, zimesimama wima.
Pembeni akaweka maksi: sita kwa kumi.

Nilitegemea saba.
Maureen akagonga kengele ya mwisho,
tukaagiza ile ya hudhurungi.